Refa Aliyepekua Viganja

Mtu wa kwanza niliyemwona akipekuliwa kabla ya kunyolewa nywele alikuwa mzee mmoja aliyevaa sare ya ulinzi, na aliyempekua alikuwa kinyozi wake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimeingia kunyoa kichwa ambacho wakati ule bado kilikuwa na sababu ya kunyolewa. Mzee akasimama mlangoni na kunyoosha mikono bila kuambiwa. Kinyozi akazima mashine, akamwendea kwa uso mkavu, akamgeuza viganja, akamkagua kati ya vidole, akampapasa mifuko na kiuno, akamwinua mguu mmoja kisha wa pili na kutazama soli za viatu. Watu waliobanana kwenye benchi walikuwa wakipiga kelele.

"Soksi, Refa! Tazama soksi! Huyo anaficha kwenye soksi!"

Kinyozi akatazama soksi. Kisha akawageukia na kutangaza, "Safi." Benchi zima likazomea. Mzee akaketi, akafungwa shuka shingoni, akafumba macho na kuanza kumung'unya kitu taratibu huku akinyolewa, mtulivu kama mtoto anayeogeshwa.

Nilidhani nimeingia kituo cha polisi. Kumbe nilikuwa nimeingia kanisani, ila dhehebu lake nilikuwa silijui.

Yule kinyozi ndiye ninayetaka kumchora hapa, na jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakazoeleza mwishoni. Watu wa kwao Lubumbashi walimwita *arbitre*. Sisi wengine, Watanzania, Wakenya, Warundi na wenyeji waliokuja kwa ajili ya televisheni, tulimwita Refa. Huko kwao alikuwa mwamuzi wa mieleka, mchezo ambao Wakongo huuita kachi, na ingawa hakuwa amepanda ulingoni tangu ahamie Afrika Kusini, hakuona kuwa amestaafu. Siku za kazi alivaa koti la kinyozi. Jumamosi alivaa shati jeupe na tai ya kipepeo, nyeusi, iliyochakaa pembeni. Mteja mgeni angeweza kudhani ananyolewa na mhudumu wa hoteli.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kanda. Kwenye kona, juu ya friji lililokufa zamani, palikuwa na televisheni na deki, na mashabiki walileta kanda zao kama watu waletavyo sahani kwenye sherehe. Otieno, fundi simu Mkenya, alileta Wamarekani wenye nywele za dhahabu na misuli iliyopakwa mafuta. Kwake mieleka ilianza siku runinga ya kwanza ilipofika mtaani kwao Kisumu, na yote ya kabla ya hapo yalikuwa ngano. Mwenye jengo, mzee wa Kizulu tuliyemwita Malume, hakuwa na kanda yoyote. Alikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu haihitaji umeme.

"Eish, nyinyi hamjui kitu," alikuwa akisema, na mwanawe akitutafsiria. "Enzi zetu Weupe walipigana wenyewe kwa wenyewe, na sisi tuliwekwa juu kabisa, karibu na paa. Walikuwa na shujaa wao, kijana mzuri, na walikuwa na mtu mbaya, mchafu, anayeuma masikio. Wote kule chini wanamshangilia shujaa. Sisi kule juu tunamshangilia mbaya! Kila akimpiga yule kijana wao, paa linataka kung'oka!"

"Sasa mbaya alikuwa akishinda?" Otieno akauliza.

"Hapana. Lakini alikuwa anapiga sana kabla ya kushindwa."

Refa alipenda kauli hiyo kuliko zote. Aliirudia kwa wiki kadhaa, akimnyoa huyu na yule. Anapiga sana kabla ya kushindwa. Aliona ni maelezo ya kutosha ya maisha ya watu wengi waliokaa kwenye benchi lake.

Duka lake lilikuwa na sheria moja: hakuna kuuliza kama mieleka ni ya kweli. Niliijua sheria hiyo kwa njia ngumu. Wakati huo nilikuwa nikifundisha vipindi vya mkataba chuo kikuu na nilikuwa nimesoma makala fulani ndefu kuhusu michezo na maigizo. Mtu aliyesoma makala ndefu ni kama mtu aliyenunua viatu vipya: lazima apite mbele za watu. Nilikuwa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa, nikasema kwa sauti ya darasani kwamba tukitazama vizuri, mieleka ni aina ya tamthilia, na mshindi hupangwa kabla.

Mashine ilizimwa. Refa akafunga mikono kifuani.

"Profeseri," akasema, "sasa ni saa ya matangazo."

Akaniinua kitini. Aliwanyoa watu wengine watatu huku mimi nikisubiri kwenye kona, upande mmoja wa kichwa Mtanzania, upande mwingine jangwa. Otieno alikuwa akipita mara kwa mara kuniangalia kutoka pande zote mbili, akisema hawezi kuamua ni yupi anayemdai bia. Refa aliponirudia, alimalizia kazi kwa uangalifu uleule. Tangu siku hiyo niliitwa Profeseri, cheo ambacho chuo chenyewe hakijapata kunipa.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyokuwa nayo aliyatumia mara nyingi. "Ulingo una kamba, dunia haina hata moja," aliwaambia waliopigwa na maisha. Kijana aliyejisifu aliambiwa, kwa Kiswahili cha Lubumbashi ambacho "njo" ni "ndiye", "Anayepigwa njo anafanya kazi. Anayepiga anapunga tu mikono." Na alikuwa na msemo mmoja aliousema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja dawa: "Hakuna mutu anaruka kama hamuamini mwenye kumudaka." Nilidhani unahusu ndoa. Kisha nikadhani unahusu uhamiaji. Sasa nadhani unahusu kuruka.

Alikuwa pia na mambo yasiyopatana. Mtu huyu aliyeishi kwa kanuni, aliyemrudisha mteja nyuma ya mstari kwa kujaribu kumpita mwenzake kwenye foleni, alivuka barabara robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, mchana kweupe, magari yakimpigia honi. Nilimwuliza kwa nini. "Robot haina macho," akasema. "Refa asiye na macho hanihukumu mimi." Alikuwa shemasi wa kanisa lake, mkali kwa uongo, mtu wa kumsimamisha mwanakwaya aliyedanganya kuwa anaumwa. Lakini aliniambia wakati mmoja kwamba marehemu mkewe alikuwa akifunga na kuomba, miaka nenda rudi, ili mpiganaji mmoja mbaya aokoke. Alimwacha aombe. Hakumwambia neno. Alipolisimulia hili alikuwa akisafisha meno ya kitana kwa kipande cha uzi, na alisafisha hata yale yaliyokuwa safi.

Mpiganaji huyo mbaya ndiye mzee aliyepekuliwa.

Ulingoni aliitwa Kaburi Wazi. Aliingia uwanjani akiwa ndani ya jeneza, likibebwa na watu wanne waliopakwa chokaa. Aliruka kutoka humo akiwa na mifupa shingoni na unga mweupe mkononi, akampulizia mpinzani, mpinzani akapooza. Na katika mapambano makubwa alifanya lile lililomfanya ajulikane kutoka Lubumbashi hadi Likasi: alipiga magoti juu ya tumbo la adui, akaingiza mkono, akatoa utumbo. Utumbo mrefu, wenye damu, mbele ya watu wote. Waliofika uwanjani walianguka, walilia, walikimbia na kurudi. Kisha yule shujaa, kijana aliyeitwa Radi, aliinuka kwa nguvu za Mungu, akaurudisha utumbo wake mahali pake na kumtupa Kaburi Wazi nje ya kamba. Kaburi Wazi hakushinda pambano lolote kubwa maishani mwake.

Huku Johannesburg alikuwa mlinzi kwenye duka kubwa la vyakula Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Alikuwa mpole kupita kiasi, na aliogopa mbwa, jambo ambalo si zuri kwa mlinzi. Alimlea binti yake Furaha peke yake, akamsomesha hadi uuguzi. Kila Jumamosi alikuja kunyolewa, na kila Jumamosi Refa alimpekua kama zamani, kabla ya kengele. Nje ya duka hawakusalimiana. Nimewahi kuwaona wote wawili kwenye foleni moja ya benki, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akitazama dari. Hizo zilikuwa kanuni za kazi yao: mbaya hali meza moja na mwema, na refa hana rafiki. Ulingo wenyewe ulikuwa umebaki nyuma, ng'ambo ya mipaka kadhaa, lakini wao waliendelea kuulinda.

Niliwahi kumwomba Refa anipekue na mimi, kwa utani. Akanitazama kuanzia viatu. "Mtazamaji hapekuliwi," akasema.

Basi Furaha akapata mchumba. Kijana anaitwa Patrick, fundi umeme, mtu wa watu, kazaliwa Likasi na kulelewa na shangazi yake. Shangazi huyu aliuza vitenge Joubert Park na wote walimwita Tantine, kama Wakongo wanavyowaita mashangazi wao. Alikuwa mama mnene wa sauti kubwa, nguzo ya kanisa la maombi lililokutana kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la matairi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ya kutambulishana. Tantine alimwona baba wa bibi harusi, akaweka chini glasi ya juisi, akasimama.

"Mimi namujua huyu," akasema. "Ni Kaburi Wazi. Nilikuwa uwanjani. Nilimuona na hii macho yangu akitoa mutu matumbo."

Walijaribu kumweleza kwamba ule ulikuwa mchezo wa zamani. Alicheka kwa uchungu. Mchezo? Basi kwa nini mpaka leo, kwenye saluni ya La Rochelle, refa mwenyewe, shemasi, mtu wa Mungu, humpekua kila wiki kabla ya kumgusa? Mtu anayemjua kuliko wote bado hamwamini. "Mutoto wangu haoi kwa mchawi," akasema, na akaondoka na Patrick akimfuata nyuma, amefedheheka.

Hapo ndipo Refa alipoingia kwenye mtego ambao alikuwa ameujenga mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa uaminifu mtupu.

Habari ilipofika dukani, ililetwa na Kaburi Wazi mwenyewe. Siku hiyo, katikati ya wiki, hakunyoosha mikono mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kanisa la Tantine limetoa masharti: asimame mbele ya waumini, akiri uchawi wake wote, ataje wale aliowadhuru, aombewe. Kisha ndoa itafungwa. Na yeye alikuwa tayari.

"Nilishindwa kazini maisha yangu yote," akasema. "Nitashindwa na hii moja, kwa ajili ya mutoto."

Refa akaweka mashine chini. "Hapana."

"Ni dakika kidogo tu. Nitaanguka, nitalia, watapiga makofi. Kazi minaijua."

"Ulingoni ukianguka ni kazi. Kule ukianguka ni uongo, na uongo hauna kengele ya kumaliza. Furaha ataitwa mutoto wa mchawi mpaka anazeeka. Na batoto yake." Akavua koti la kinyozi. "Hautakiri kintu haukufanya. Mimi bado njo refa."

Niliyaona yote kwa sababu nilikuwa kitini, na safari hii nilikuwa na akili ya kunyamaza.

Alikwenda Joubert Park kesho yake, akasimama mbele ya vitenge vya Tantine. Hakumbishia. Alimwomba aje dukani Jumapili baada ya ibada, aone jambo moja kwa macho yake. Asiporidhika, Refa mwenyewe atamshika Kaburi Wazi mkono na kumpeleka madhabahuni. Tantine alifukuza wateja ili apate nafasi ya kukataa vizuri. Refa akarudi kesho yake. Akakataliwa tena. Akarudi siku ya tatu akiwa amevaa tai ya kipepeo, na nadhani ni ile tai iliyomshinda mama yule, kwa sababu ilikuwa ileile ya uwanjani.

Mimi nilialikwa kama upande wa bibi harusi. Nilijisikia mtu wa maana mpaka nilipogundua kuwa sababu ni koti langu la suti. Hakuna mwingine aliyekuwa na koti.

Jumapili hiyo pazia la duka lilishushwa. Wale wa benchi walifungiwa nje. Tulimsikia Otieno akilalamika kwenye tundu la ufunguo. Ndani tulikuwa wanne. Tantine aliketi kwenye kiti cha kunyolea, mkoba mapajani, Biblia juu ya mkoba.

Refa hakuanza na hoja. Aliuliza tu, "Tantine, siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

"Upande wa mashariki. Jua lilikuwa machoni. Nilikuwa msichana, nilitoroka nyumbani."

"Uliona nini?"

Akaanza kwa hasira, lakini hakuweza kuiendeleza. Alieleza jeneza, rangi yake, msumari mmoja uliokuwa umetoka. Alieleza viatu vya Radi, vyeupe, ambavyo mama mmoja, jirani yao, alivifua. Sauti ikapanda. Aliinuka kwenye kiti. Alionyesha kwa mikono jinsi unga ulivyopulizwa, jinsi Radi alivyopiga magoti, jinsi uwanja mzima ulivyoita jina lake. Alikuwa amesahau kuwa amekuja kukataa. Kaburi Wazi, pale mlangoni, alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia mtu mwingine akimsifia marehemu wake.

"Ulimuchukia huyu?" Refa akauliza.

"Sana! Nililia mpaka sauti ikakauka."

"Wiki iliyofuata ulirudi?"

Tantine akaketi, akapanga upya Biblia juu ya mkoba. "Nilirudi," akasema.

Refa akamwendea Kaburi Wazi. "Mikono." Akampekua mbele yetu, viganja, vidole, kiuno, soli. "Safi. Tantine, umeona?"

"Nimeona. Hana kintu."

"Profeseri, lala chini."

Sikuelewa, lakini nililala, na koti langu, juu ya sakafu iliyojaa nywele za watu. Kaburi Wazi akashuka kwa magoti yaliyolia kama bawaba. Uso wake mpole ukabadilika. Sijui aliutoa wapi ule mwingine. Macho yakatoka, meno yakaonekana, akanguruma, akaniwekea mkono tumboni chini ya shati, akavuta. Nikaona matumbo yakitoka. Mabichi, ya kijivu, marefu, yakinitiririkia kwenye mbavu. Nimesoma makala ndefu sana kuhusu michezo na maigizo. Nilipiga kelele, nikajishika tumbo kuhakikisha.

"Kwa jina la Yesu!" Tantine alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Sasa tena," Refa akasema, bila kuinua sauti. "Pole pole."

Akayakusanya yale matumbo ya mbuzi, akayatia kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, akauingiza kwenye mkono wa shati lake jeupe. Kisha akampekua Kaburi Wazi upya, polepole, akisimama kila hatua. Kiganja. Vidole. Na alipofika kiunoni, tuliona: mfuko ukateleza kutoka kwenye mkono wa refa na kuingia ndani ya mkanda wa mwenzake. Kupekua kulikuwa ndiyo njia ya kumpa.

"Weye?" Tantine akanong'ona. "Weye pia?"

"Mimi njo mwenyewe, Tantine. Yeye hakubeba kintu hata siku moja. Wote walitazama mikono ya mubaya. Hakuna mutu alitazama mikono ya refa."

Tantine akaitazama mikono ya Refa.

"Na Radi? Alijua?"

"Radi njo alinunua matumbo sokoni. Mama yake aliyapika kisha ya pambano. Tulikula sote."

"Mulikula?" Hapa ndipo uso wake ulipovunjika. Uchawi alikuwa tayari kuupiga vita. Hili hakuwa amejiandaa nalo. "Radi alikula na *huyu*? Sahani moja?"

"Sahani moja, Mama," Kaburi Wazi akasema kwa aibu. "Alikuwa akinipunguzia pilipili."

Tantine akashuka kwenye kiti. "Kwa hiyo nililia bure."

"Haukulia bure," Refa akasema. "Tulifanya kazi ngumu sana ili weye ulie."

Tantine akauliza, kama hakimu ambaye bado hajaridhika, kuhusu Jumamosi: uwanja hakuna, pambano hakuna, kwa nini bado ampekue mzee wa watu? Refa akafungua kiganja chake. Palikuwa na peremende ya mnanaa.

"Mukono ukikaa bure unasahau," akasema. "Na yaya anapenda mnanaa."

Yaya ni neno la kwao la kaka mkubwa. Sikuwa nimewahi kumsikia akilitumia. Nikakumbuka Furaha aliwahi kunisimulia kwamba utotoni baba yake alikuwa akimtolea peremende nyuma ya sikio kila Jumamosi jioni, na hakujua zinatoka wapi, kwa sababu hapakuwa na peremende ndani ya nyumba.

Tantine alicheka kwanza, au alilia kwanza, mpangilio umenipotea. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge na kutoa masharti yake mapya. Ndoa itafungwa. Kukiri hakutakuwapo. Lakini hili tuliloliona lisitoke humu ndani, watu wasiharibiwe kumbukumbu zao. "Na weye Profeseri," akaninyooshea kidole, "funga kinywa na ufunge shati."

Baada ya kuondoka, Refa aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Akavua ile tai na kuikunja. Alikuwa ameapa kwa mwalimu wake wa kachi, akiwa kijana, kwamba siri itamfia kifuani. Hakumwambia hata mke wake aliyefunga na kuomba. Kaburi Wazi akawasha mashine, akamfunga shuka shingoni, na kumnyoa vibaya sana.

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa Rosettenville. Mlangoni, mbele ya wageni wote, Refa alimsimamisha baba wa bibi harusi aliyevalia suti, akampekua mpaka soksi. "Safi!" Wale wa benchi wakazomea. Na sauti iliyozomea kuliko zote, mikono ikiwa mdomoni kama msichana aliyetoroka nyumbani, ilikuwa ya shangazi wa bwana harusi.

Mara ya mwisho nilipomwona Refa ilikuwa mwaka 2007. Kaburi Wazi alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na jeneza lake, watu waliniambia, benchi zima lililitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, likisubiri. Deki ilikuwa imeondoka. Otieno alikuwa amehamia Durban na mieleka ilitazamwa na wajukuu wa Malume kwenye simu na kompyuta, wakiulizana kwa sauti kama ni ya kweli, na hakuna aliyezimiwa mashine. Refa alikuwa bado amevaa tai. Mikono yake ilitetemeka, na kazi ya kunyoa alikuwa amemwachia mwanamke mmoja Mrundi aliyemheshimu na kumficha nyembe.

Nilimwambia ningependa kuandika juu yake.

"Andika. Lakini jina langu acha. Refa muzuri haonekani kwenye picha."

"Na siri? Tantine alitufunga vinywa."

"Tantine njo amesema uandike," akanijibu. "Anataka batu bajue kwamba alikuwako."

Nilipoinuka kuondoka, alitangulia mlangoni na kunizuia. "Mikono," akasema.

"Mtazamaji hapekuliwi, Refa."

"Ulilala chini na koti. Mikono."

Nikanyoosha. Alinigeuza viganja kwa vidole vilivyokuwa vikirukaruka, akanipapasa mifuko, akahangaika na kiuno, akajaribu kuinama kwenye viatu akashindwa, akaviangalia kwa mbali. Nilimsaidia kusimama wima. Yule Mrundi aligeuka pembeni ili asione. "Safi," Refa akasema, kwa sauti ile ya zamani, na benchi tupu halikuzomea.

Kwenye kona ya barabara robot ilikuwa nyekundu. Nikasimama kama raia mwema, nikatia mkono mfukoni kutafuta funguo, nikakuta peremende ya mnanaa. Na mikono yake nilikuwa nimeitazama muda wote.